Jifunze Kuitikia Kwanza

Usiku wa kwanza nilipokwenda na cherewa zangu, zile ala za kutikisa, kwenye kikao cha muziki wa asili mjini Edinburgh, nilidhani nawapelekea baraka. Ilikuwa Februari, baridi ya kuuma masikio, na nilikuwa nimeishi Uskoti miezi saba tu, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya matunzo. Niliketi kwenye benchi la pembeni, nikangoja fidla nne, akodiani moja na filimbi ya bati zishike kasi, kisha nikaanza kutikisa cherewa kwa mapigo niliyokulia nayo, yale ya kidumbak cha harusi za Unguja. Hakuna aliyenikemea. Wapigaji walitazamana, mmoja akatabasamu kwa ile adabu ya Waskoti ambayo mgeni huidhania kuwa ni furaha, na walipomaliza, mzee mmoja mpiga fidla aliinuka, akaninunulia chai, akaketi karibu yangu na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba cherewa zangu ni nzuri sana, ila nizipumzishe wiki tatu huku nikisikiliza, halafu tuzungumze.

Nilizipumzisha miaka miwili, na sijutii. Huu ni mwaka wa nane tangu nianze kuhudhuria vikao hivyo, na katika muda huo nimepanga viti, nimeuza tiketi mlangoni, nimeosha vikombe visivyo na idadi na kujifunza viitikio vya nyimbo ambazo mwanzoni sikuelewa hata neno moja. Mwanamuziki sijawa, wala sitarajii kuwa. Naandika kwa sababu Waswahili wenzangu wanaohamia huku, hasa waliolelewa kwenye taarab, ngoma au kwaya, huniuliza mara kwa mara jinsi ya kuingia katika jumuiya ya wanamuziki hawa bila kuonekana watalii, na mtu asiyepiga ala atawafaa nini. Jibu langu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: wa kupiga wapo, wa kuitikia ndio wachache. Na ninaposema kuitikia nakusudia zaidi ya kuimba kiitikio. Nakusudia kufika, kusikiliza, kukumbuka jina la aliyetunga, kulipa kinachostahili kulipwa, na kurudi wiki inayofuata hata kama mvua inanyesha, nayo huku hunyesha kweli.

Kwanza uelewe unaingia wapi. Kikao hakina jukwaa wala kipaza sauti, na mara nyingi wapigaji hukaa duara wakikupa mgongo, kwa kuwa wanapigiana wao kwa wao kabla ya kukupigia wewe. Baa inayojulikana zaidi kwa vikao vya namna hii mjini Edinburgh ni Sandy Bell's, iliyoko Forrest Road, lakini viko vingi vidogo visivyoandikwa popote, na hivyo vidogo ndivyo vinavyohitaji watu. Wimbo wa kuchezewa kwa kawaida una sehemu mbili fupi, kila moja hurudiwa mara mbili, na wimbo mzima huzungushwa mara mbili au tatu. Kisha, bila kupumua, anayeongoza hutupa jicho tu na wote wanarukia wimbo mwingine. Wakishaunganisha nyimbo mbili au tatu hivi, husimama, hunywa, huzungumza. Mapumziko hayo ndiyo nafasi yako ya kuuliza, kuagiza kinywaji au kuhama kiti. Ukimgusa mtu bega katikati ya mzunguko wa pili ili umwulize fidla yake ni ya miaka mingapi, umemwangusha.

Nyimbo hizo ni za aina mbalimbali. Kuna reel, ambayo hukimbia moja kwa moja, na kuna jig, yenye mapigo matatu matatu yanayodundadunda. Halafu iko strathspey, iliyopewa jina la bonde la mto Spey, nayo ndiyo iliyonishinda usiku ule. Ndani yake noti fupi yenye mkazo hufuatwa na noti ndefu, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi kisha akajizoa kabla hajaanguka. Uzuri wake wote umo katika kule kukatika. Cherewa zangu zilikuwa zinajaza kila tundu kwa mchanganyo uleule sawasawa, mithili ya fundi anayepiga lipu juu ya nakshi. Ndiyo maana namshauri kila anayebeba ngoma, kayamba, matari au vijiko vya kugonganisha: viache nyumbani mpaka masikio yako yaweze kutofautisha nyimbo hizi bila kuambiwa. Hata kupiga makofi ya kufuatisha, jambo ambalo kwetu ni heshima, ndani ya chumba kidogo huweza kuwavuruga wapigaji wote kwa pamoja, kwa sababu makofi ya wengi huchelewa kidogo na hatimaye huwavuta wanaopiga. Gonga mguu taratibu, inatosha.

Mzee yule aliniambia jina lake la kwanza na akataka nimwite hivyo, kama ilivyo desturi yao. Mdomo wangu ulikataa. Alikuwa na miaka sabini na minane, nami ningewezaje kumwita jina tupu kama mtoto mwenzangu? Nikamwita Mzee. Aliuliza maana yake, nikamweleza, akatafakari, akasema anaikubali kuliko vyeo vyote alivyowahi kupewa kazini. Siku hizi nusu ya duara wanamwita hivyo, ingawa matamshi yao ni shauri jingine.

Jambo la baa limewasumbua wengi wenu, na lilinisumbua mimi pia, mwanamke mwenye ushungi asiyetumia pombe. Nilimpigia simu shangazi yangu Unguja, na baada ya shikamoo nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wanapiga fidla kwenye kilabu cha pombe?" Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi, lakini mimi nakwenda kusikiliza." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanapiga kumshinda marehemu mjomba, ambaye alipiga fidla kwenye taarab miaka mingi. Nilisema hapana. Tukayamaliza hapo. Asiyetaka kabisa kuingia baa ana njia nyingine: viko vikao vya mchana katika kumbi za makanisa na vya jumuiya, yako madarasa ya watu wazima kama yanayoendeshwa na Scots Music Group mjini Edinburgh au lile kundi lililoanza kwa jina la Glasgow Fiddle Workshop kule Glasgow, na humo utapewa chai na biskuti badala ya bia. Lakini ukiamua kuingia baa, nunua kitu. Katika baa nyingi mwenye baa huwalipa mpigaji mmoja au wawili wanaoongoza, na waliobaki hupiga kwa mapenzi yao. Kikao kikikosa kuleta mauzo usiku wa Jumatano, mwenye baa ataweka televisheni ya mpira, na hutamlaumu. Yeye hasikilizi makofi, anahesabu alichouza. Mimi huagiza chai, soda ya tangawizi na sahani ya chipsi, na kwa miaka minane hajatokea mtu wa kuniuliza kwa nini sinywi.

Kwetu mwimbaji akikuchoma moyo, unainuka ukamtuza. Mkono uliniwasha mara nyingi, nakiri. Huku usithubutu kwenda na noti mkononi wakati mtu anaimba, kwani hataelewa, na pengine atadhani umemwonea huruma au umelewa. Wakitaka mchango, kofia au ndoo itazungushwa. Hapo weka noti, usiweke sarafu za mabaki ya mfuko.

Kuhusu kuimba, zingatia hili zaidi ya yote. Usiku ukishaiva, mtu mmoja huweza kuanza kuimba peke yake, bila ala, macho yamefumbwa. Chumba kizima hunyamaza. Katika sehemu zinazojiheshimu hata anayeuza vinywaji huacha kumimina, na anayefungua mlango husimama palepale kizingitini mpaka ubeti uishe. Kiitikio kikifika, wote huitikia, na hapo hakuna mgeni: ukikijua, imba, usipokijua, kisikilize ubeti wa kwanza na wa pili, utakijua ukifika wa tatu. Nimekaa karibu sana na mwimbaji mmoja bibi, mtu wa Perthshire, kiasi cha kuona kidole chake gumba kikisugua upindo wa sweta yake kila alipokaribia kiitikio, na nikaona jinsi mabega yake yanavyoshuka watu wanapompokea. Anapumzika pale. Balada zile, yaani nyimbo ndefu za kusimulia visa, zina beti ishirini na zaidi, naye ni mwanamke wa makamo yaliyopita. Kiitikio ni kiti anachowekewa na wasikilizaji.

Bibi huyo ndiye niliyemkosea. Mwaka wangu wa pili nilimrekodi kwa simu bila kumwomba ruhusa, nikaitupa video mtandaoni na maneno ya kusifu, nikijiona nimemfanyia hisani. Mjukuu wake akaiona. Wiki iliyofuata aliniita pembeni, akasema kwamba ana malalamiko mawili. La kwanza, siku ile alikuwa na mafua. La pili, na hapa sauti yake ilibadilika, wimbo ule aliupokea kwa mama yake, na mimi nimeusambaza kwa watu bila kumtaja marehemu. Niliifuta video mbele yake. Tangu hapo siwashi simu kabla ya kuomba, na nikikubaliwa, naandika jina la mwimbaji, jina la aliyemfundisha na mahali wimbo ulikotoka, kwa kadiri mwenyewe atakavyopenda.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba malalamiko yake ya pili hayakuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies, na wakusanyaji wake, kama Calum Maclean na Hamish Henderson, wakaanza kuzunguka vijijini, visiwani na mashambani na mashine nzito za kurekodi. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Henderson aliandaa mjini Edinburgh usiku mmoja wa nyimbo uliowaleta mbele ya watu wa mjini waimbaji kutoka kisiwa cha Barra na Kaskazini-Mashariki ya Uskoti, watu ambao hawakuwa wamezoea kuonekana kuwa wasanii. Mwaka 1953 alikutana na Jeannie Robertson kule Aberdeen, mwanamke wa jamii ya wasafiri, yaani zile familia zilizokuwa zikihama na mahema, zikichuma matunda, zikifua bati na kudharauliwa karibu kila zilikopiga kambi. Kichwani mwake mlikuwa na balada ambazo wasomi walidhani zimebaki vitabuni tu. Mwaka 1968 alitunukiwa nishani ya MBE. Na katika mashamba ya matunda ya Blairgowrie, msimu wa kuchuma ulipofika na wasafiri wakakusanyika, Henderson alirekodi nyimbo nyingi kuliko alivyoweza kuzipokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urithi unaosifiwa leo kwenye kumbi za viti vya mahameli ulilindwa na watu waliokuwa wakifukuzwa milangoni. Mtu akikuambia "huu niliupata kwa mama", anakutajia nasaba, na ukilikata jina hilo unarudia dharau ya zamani bila kujua.

Rekodi hizo nyingi unaweza kuzisikiliza bila malipo kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo Tobar an Dualchais, maana yake Kisima cha Urithi, ambayo imeunganisha makusanyo ya chuo hicho, ya BBC na yale ya kisiwa cha Canna. Nakushauri uitumie kabla hujajifunza wimbo wowote, na uzoee kutafuta matoleo mawili matatu ya wimbo mmoja ili uone kila familia ilivyoukunja. Mimi nilizama katika nyimbo za Kigaeli, lugha ya asili ya visiwani na nyanda za juu za Uskoti, za wanawake waliokuwa wakikanda kitambaa kipya cha sufu. Walikizunguka mezani, wakakipigapiga na kukisukuma kwa mkono, kitambaa chenyewe kikiwa kimelowekwa mkojo uliochacha ili nyuzi zishikane, na mmoja akitoa mstari, waliobaki wakiitikia kwa silabi zisizo na maana yoyote ya kamusi lakini zenye kazi kubwa, kwa kuwa ndizo zilizoshika mapigo ya kazi. Aliyewahi kusimama kwenye kinu na wenzake wawili, michi ikipokezana, hahitaji kufafanuliwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 69,700 wanaozungumza Kigaeli katika nchi ya watu zaidi ya milioni 5. Ukijua hesabu hiyo, utaona kwamba mgeni anayejitahidi kutamka kiitikio sawasawa, hata bila kuelewa ubeti, hafanyi mchezo.

Wala usifikiri kwamba kila kinachopigwa ni cha mababu. Hili hukosewa sana. Nyimbo nyingi zinazosikika kwenye vikao zina watunzi wanaojulikana, na wengine wako hai, pengine wamekaa viti viwili kutoka ulipo wewe. Niel Gow, mpiga fidla wa Inver, karibu na Dunkeld, alifariki 1807, na nyimbo zake bado zinapigwa kila wiki. Za James Scott Skinner, aliyefariki 1927, vilevile. Gordon Duncan, mpiga zumari ya mfuko wa Perthshire aliyefariki 2005, alifanya kazi ya kuzoa taka, na nyimbo zake zimebadilisha upigaji wa ala hiyo duniani. Tom Anderson wa Shetland alitunga mwaka 1969 wimbo wa fidla uitwao Da Slockit Light, yaani taa iliyozimika, alipokuwa akiondoka Eshaness, alikozaliwa, akageuka nyuma na kuona nyumba chache mno zenye taa kuliko alizokumbuka. Niliposimuliwa kisa hicho na Mzee, nikausikiliza upya wimbo ambao nilikuwa nimeshausikia mara kumi nikidhani ni wa mapenzi. Swali bora kabisa unaloweza kumwuliza mwanamuziki wa asili, basi, ni hili: huu unaitwaje, na uliupata kwa nani? Kwa swali hilo utakaa naye nusu saa.

Watunzi walio hai wanakula pia. Wimbo mmoja ukisikilizwa mara moja kwenye majukwaa ya mtandaoni, anachopata mwenyewe ni sehemu ndogo ya peni. Kwa hiyo nunua sahani ya santuri mezani kwake baada ya onyesho, hata kama huna tena mashine ya kuipiga. Ninazo kadhaa, zimepangwa dirishani, na nyingi zimetolewa na Greentrax, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na Ian Green, polisi mstaafu wa Edinburgh aliyeamua kutumia muda wake wa kustaafu kurekodi watu ambao kampuni kubwa hazikuwataka. Ukiandaa shughuli, mwombe mpigaji orodha ya nyimbo alizopiga na uhakikishe inafika PRS, chama kinachokusanya mirabaha hapa Uingereza, ili mtunzi apate chake. Ni karatasi ya dakika tano.

Hapa sina budi kusimulia aibu yetu. Chama kimoja cha Waswahili nilichokuwa mwanakamati wake kilitaka mpiga fidla kwenye sherehe yake, nami nikatumwa kwa kuwa ninawajua. Tulimwalika msichana mmoja aliyetoka kumaliza chuo, tukamwahidi chakula na, kama mwenyekiti alivyosema, "kujulikana". Alikuja, akapiga saa nzima, akala pilau, akaondoka kwa basi la usiku. Siku mbili baadaye nikajua kwamba alikataa kazi nyingine ya malipo usiku ule kwa kuwa hakutaka kunivunja moyo mimi. Nilimpelekea fedha kutoka mfukoni mwangu, na kwenye kikao cha kamati kilichofuata nikasema wazi kwamba tusingemwambia fundi wa umeme aje kuunga nyaya kwa ahadi ya kujulikana. Walinuna. Lakini tangu mwaka ule bajeti ya sherehe ina mstari wa muziki, na unaandikwa kabla ya mstari wa mapambo.

Wazazi nawaambia jambo moja kwa haraka. Tangu 2021 shule za serikali za Uskoti zimeacha kutoza ada ya kujifunza ala, na shule nyingi zina ala za kuazima. Wengi wetu hatuulizi kwa kudhani ni za watoto wa wenyewe. Uliza. Mwanangu alirudi nyumbani na fidla ya robo tatu na kipande cha ulimbo wa upinde kilichofungwa kwenye kitambaa cha buluu, na kwa miezi mitatu nyumba ilisikika kama ina paka mgonjwa. Baada ya hapo ilisikika vizuri. Visiwani na nyanda za juu kuna fèis, mafunzo ya muziki na Kigaeli kwa vijana, yaliyoanza kisiwani Barra mwaka 1981, na leo wapigaji wengi wa kulipwa walipitia humo wakiwa watoto.

Tukija kwenye kusherehekea, watu wengi huijua Celtic Connections ya Glasgow, inayofanyika kila Januari tangu 1994, na ni kweli inastahili, kwa sababu inafika wakati jua linazama mapema alasiri na roho za watu zimekunjamana. Nenda. Ila kama una pauni za tamasha moja tu kwa mwaka, mimi ningezipeleka mji mdogo, kwenye moja ya matamasha ya namna ya yale yaliyolelewa na TMSA, chama cha muziki na nyimbo za asili kilichoanzishwa mwaka 1966. Kule Kirriemuir, kwa mfano, tiketi yako moja huonekana. Pengine nakosea kwa upendeleo, maana napenda mahali ambapo mwimbaji aliyeshangiliwa saa nne usiku ndiye anayekupisha kwenye foleni ya uji asubuhi.

Na ukitaka kuandaa mwenyewe, andaa ceilidh, neno la Kigaeli linalotamkwa karibu na "keli", ambalo asili yake ni kutembeleana jioni kwa hadithi na nyimbo, na ambalo siku hizi mijini lina maana ya usiku wa kucheza. Tuliandaa ya kwanza katika ukumbi wa kanisa mtaani kwetu. Ajiri bendi yenye mtu wa kuita hatua, kwa sababu bila yeye wageni watagongana. Mlipe usiku uleule. Wape wapigaji chakula cha moto kabla ya saa ya kuanza, badala ya masalia. Acha viti vya kutosha ukutani kwa wazee lakini usiviweke katikati, watu wanapochezea. Birika kubwa la umeme la ukumbi huchukua dakika arobaini na zaidi kuchemka, jambo ambalo tulilijua tukiwa na watu sabini wenye kiu mbele yetu. Bahati nasibu ililipia ukumbi. Kwenye Strip the Willow, ngoma ambayo jozi hushuka mstari zikizungushana kwa mkono, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa ameapa kwamba amekuja kuangalia tu alizungushwa kutoka mlangoni mpaka jukwaani, akarudi kwenye kiti chake akiwa ameshika kiatu kimoja, akauliza ngoma inayofuata ni ipi.

Anayeanza, aanze na kikao kidogo karibu na nyumbani, afike saa tatu na nusu usiku kabla hakijajaa, aagize kitu, akae safu ya pili. Cherewa zangu sasa zinaruhusiwa kwenye reel, na kwa wimbo mmoja au miwili tu, Mzee akinikonyeza. Kwenye strathspey zinabaki mkobani. Ukija kwetu Jumatano, kiti cha karibu na meko usikikalie hata kama kiko wazi. Ni cha mpiga akodiani, huchelewa kwa sababu ya zamu yake hospitalini, na hajakosa kufika bado.